Sahani Kutoka Maramba

Injini ilipofika gerejini Nguvumali, imelala juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kufungwa kamba kama ng'ombe wa mnada, Leticia aliiacha chai yake mezani na hakuirudia tena. Alipanda juu kabla dereva hajazima gari, akaifuta injini vumbi kwa kiganja, akazisoma namba zilizochongwa ubavuni, kisha akamtazama Abdulhakim aliyesimama chini akingoja kauli yake.

"Silinda sita," akasema. "Ndiyo yenyewe, kaka Abdulhakim. Hawakukubadilishia."

Abdulhakim alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu bandarini. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepewa habari njema asijue aanze na nani kumwambia.

Alikuwa Mpemba, mfanyabiashara wa karafuu na mchele, na Tanga alikuwa akiishi mwaka wa ishirini sasa. Zamani, kila mwaka, alikuwa akishindana katika mbio za magari zinazofanyika kwenye barabara za vumbi za mashamba ya mkonge upande wa Mkinga. Kisha likatokea lile la njia ya Horohoro: lori lilihama upande wake, likamsukuma yeye na pikipiki yake mtaroni, na hospitali wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Akapata mguu wa bandia na akajifunza kutembea upya. Klachi tu ndiyo iliyomshinda. Mguu ule hauhisi kitu, na klachi bila hisia ni kama kutia uzi sindanoni umefumba macho.

Baada ya miaka sita ya kukaa pembeni akipiga makofi, alinunua gari dogo jeupe la otomatiki, lisilo na klachi kabisa, akajiandikisha. Wenzake walilicheka gari lile, wakaliita gari la bibi harusi. Naye alikuwa akilifanyia mazoezi siku kumi kabla ya mbio, mpira wa maji ukapasuka, injini ikachemka, ikafa. Hii mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani na yenye nguvu zaidi. Ila ilitoka kwenye gari la gia za mkono.

"Mbio ni Jumamosi," Abdulhakim alisema. "Leo Jumatatu. Niambie kweli, fundi. Inawezekana?"

Leticia alikuwa na miaka thelathini na mitatu, binti wa mkata mkonge wa Maramba, na katika gereji ile ya Mzee Robert yeye ndiye aliyekuwa akipewa giaboksi za otomatiki, maana mafundi wengine walizikwepa. Alijua kwamba jibu la busara lilikuwa "tutaona." Lakini alikuwa ameshaanza kuiona injini ile ndani ya gari, na vidole vyake vilikuwa vinamwasha.

"Inawezekana," akasema.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, shida yake ni hii. Giaboksi ya otomatiki haishikani na injini moja kwa moja. Katikati yao kuna konveta, dude la chuma la mviringo kama sufuria mbili zilizofunikiana, lililojaa oili. Injini inaizungusha oili, na oili inaizungusha giaboksi. Konveta nayo inafungwa kwenye sahani nyembamba ya chuma yenye meno pembeni, iliyokazwa kwenye mkia wa injini. Mafundi wanaiita flaiwili tu, ingawa flaiwili ya gia za mkono ni nzito kama jiwe la kusagia, na hii unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Sahani hiyo lazima ikubaliane na pande zote mbili. Matundu ya katikati yafuate injini, matundu ya pembeni yafuate konveta, meno yafuate stata inayoiwasha injini. Ya injini ya zamani ilikuwa na matundu sita ya katikati. Injini mpya ilitaka manane.

Jumanne Leticia na Abdulhakim waliyazunguka maduka ya spea, kutoka moja hadi jingine, Leticia amebeba konveta begani. Saa tisa alasiri walipata sahani ya matundu manane. Leticia aliilaza juu ya konveta palepale barazani, na matundu ya pembeni yakakaa juu ya yenzake sawasawa. Akayahesabu meno mara mbili. Sawa. Abdulhakim alimshika muuzaji mkono akautikisa mpaka yule bwana akaanza kutazama kama atarudishiwa.

Jumatano asubuhi injini ilikuwa imeshakaa mahali pake, na sahani imekazwa. Leticia aliitia konveta ndani ya mdomo wa giaboksi, akawa anaizungusha huku anaisukuma taratibu, ameinamisha sikio. Ko. Akaendelea kuzungusha. Ko. Akaendelea, hata Mzee Robert alipomwambia imeshaingia. Ko. Mara ya tatu konveta ilizama upana wa kidole zaidi, na hapo ndipo alipoacha. Wakaiinua giaboksi kwa jeki, wakaisogeza mbele ikutane na injini.

Ikakaribia. Ikasimama. Kati ya mdomo wa giaboksi na injini ukabaki mwanya ambao ncha ya kidole kidogo iliweza kupenya.

Mzee Robert alichuchumaa akachungulia. Alikuwa mwenye gereji, fundi wa miaka arobaini, na injini za lori za mashamba yote ya Tanga zilikuwa zimepita mikononi mwake. "Tia bolti," akasema. "Kaza moja huku, moja kule, kidogo kidogo. Itavutika yenyewe."

"Hapana, mzee."

"Leti, mwanangu. Nimefunga giaboksi kabla hujazaliwa."

"Najua, mzee. Lakini jaribu kuizungusha konveta." Leticia aliingiza bisibisi kwenye tundu la chini, akaisukuma. Konveta haikusogea. "Inatakiwa izunguke bure, kama gurudumu la baiskeli. Hii imebanwa. Tukikaza bolti, konveta itaisukuma pampu ya oili iliyo nyuma yake, nayo itapasuka."

Wote wawili walikuwa wakikumbuka jambo moja, ila Leticia ndiye aliyeona haya zaidi. Miaka minne nyuma alifunga giaboksi ya basi dogo la kwaya ya usharika wao, bolti zikawa ngumu kuingia, akazikaza tu kwa sababu Robert alimwambia akaze. Basi halikufika Muheza. Kwaya nzima ilishuka na majoho yao mikononi ikatembea juani kwa miguu, huku wakiimba ili wasimkasirikie, na yeye akitembea nyuma yao akitamani wangemtukana.

"Basi tuigeuze sahani," Robert akasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Tukiigeuza, meno yatakimbia stata."

Waliishusha giaboksi. Leticia alichukua rula ya chuma na kipande cha bati kilichonyooka, akakilaza bati mdomoni mwa giaboksi, akapima kutoka hapo hadi kwenye masikio ya konveta yanayofungwa kwenye sahani. Milimita ishirini na moja. Akaenda upande wa injini, akapima sahani imechomoza kiasi gani. Ishirini na nane.

Akapima tena. Ishirini na nane.

"Imetengenezwa kwa giaboksi nyingine," akamwambia Abdulhakim, aliyekuwa amekuja na vitumbua vya kusherehekea na sasa hakujua aviweke wapi. "Matundu ni yaleyale, meno ni yaleyale, lakini imebonyea vingine. Inachomoza mno. Mimi nataka inayochomoza kumi na minane hivi. Konveta ikishakaa, iwe na milimita tatu za kupumua, iende mbele kukutana na sahani. Ikikosa nafasi inavunja pampu. Ikiwa na nafasi kubwa mno inachomoka kwenye pampu, nayo inavunja vilevile."

"Milimita tatu," Abdulhakim alisema. Alitazama ukucha wake. "Na tutaipata wapi? Dar? Basi la leo limeshaondoka, na simu nimepiga mpaka sikio limekuwa moto."

Leticia alikuwa amesimama na rula mkononi, na mahali fulani kichwani mwake alisikia gari likipanda kilima cha Maramba polepole, Jumapili asubuhi, likinguruma kwa sauti nzito laini isiyopanda wala kushuka kama magari ya gia. Mzee Laurenti, karani wa shamba, akienda misa. Watoto, yeye akiwamo, walikuwa wakikimbia pembeni kujaribu kulipita.

"Silinda sita," akasema taratibu. "Otomatiki. Mungu wangu, lile gari bado lipo?"

Alimpigia mama yake simu hapohapo, na mama yake akasema lipo, nyuma ya nyumba ya Mama Bertha, mjane wa Laurenti, lakini asijisumbue. Watu watano walikwenda kulinunua kama chuma chakavu, na wote watano walifukuzwa.

Alhamisi alfajiri Leticia na Abdulhakim walikuwa njiani kwenda Maramba na jeki, spana na magogo mawili ya kuegemeza, na saa mbili wakabisha hodi.

Mama Bertha alitoka na kanga mabegani, mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, na macho yake yalikwenda kwanza kwenye jeki, ndipo yakaja kwa watu.

"Shikamoo, mama," Leticia alisema.

"Marahaba. Wewe ni binti wa Rafaeli. Umechukua paji lake la uso." Akamgeukia Abdulhakim. "Na huyu?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Abdulhakim, natoka Tanga mjini."

"Marahaba. Kama mmekuja kwa ajili ya gari, haliuzwi. Chai ipo."

Wakanywa chai. Leticia aliijua Maramba vya kutosha asiliguse jambo lake kabla kikombe hakijaisha. Alipomaliza alilieleza lote bila kuficha: injini, sahani, mwanya wa kidole, mbio za keshokutwa. Alisema hawataki gari. Wanataka sahani moja nyembamba iliyo katikati yake, na giaboksi wataifunga tena kama walivyoikuta.

Mama Bertha alisikiliza akiwa ametazama miguu ya Abdulhakim, jinsi mmoja ulivyonyooka vibaya chini ya suruali.

"Na huo mguu, unaendeshaje?"

"Wa kulia unakanyaga mafuta na breki, mama. Huu umekaa tu, kama abiria. Ndiyo maana nahitaji otomatiki."

Yule mama alikiweka kikombe chini.

"Laurenti alipigwa na kiharusi upande wa kushoto," akasema. "Mkono na mguu. Watu wakaniambia, mnunulie kiti cha kukalia barazani. Akauza ng'ombe akanunua hilo gari, kwa sababu lilitaka mguu mmoja tu. Aliliendesha miaka saba. Siku ya kwanza alinipandisha, tukaenda Horohoro na kurudi bila shughuli yoyote. Tulikwenda tu." Akasimama. "Hao waliokuja walitaka kulikatakata. Njooni. Lakini kuna kuku anaatamia kwenye kiti cha nyuma, zimebaki siku tatu. Akiamka akaacha mayai, mtaondoka bila kitu."

Leticia hakuwahi kushusha giaboksi kwa utaratibu ule. Kila bolti waliipaka mafuta na kuingoja ilegee, asije akaigonga kwa nyundo. Abdulhakim alilala chali upande wa pili, amevua mguu wa bandia na kuuegemeza kwenye mgomba, akishikilia magogo yasiteleze, na mara kwa mara walisikia juu yao kuku akinung'unika kama bibi aliyeamshwa usingizini. Mama Bertha alikaa mlangoni mwa gari akimwambia kuku maneno ya Kishambaa ya kumtuliza. Kila Leticia alipouliza, "Bado yupo?" alijibu, "Yupo, amekasirika, lakini yupo."

Saa nane mchana sahani ilitoka. Ilikuwa na kutu pembeni, safi katikati. Leticia aliilaza juu ya bati, akaweka rula, akapiga hesabu ya unene na mbonyeo wake, kisha akaiweka rula upya ili asome vizuri.

"Kumi na minane," akasema. "Matundu manane, na meno na matundu ya pembeni ni yaleyale."

Abdulhakim alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Alipoiondoa alikuwa na masharubu meusi mpaka masikioni, na Mama Bertha alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Pesa alikataa kuzigusa. Alisema wamfungie tu gari lake vizuri, nao wakalifunga, na kuku hakunyanyuka.

Ijumaa Abdulhakim alikwenda kuswali na Leticia akabaki na kazi. Sahani aliisugua kwa brashi ya waya, akaipitishia kidole pembeni kutafuta ufa, hakuna. Akaifunga kwenye injini. Akaitia konveta: ko, ko, ko. Akapima mara tatu, na mara ya tatu alimwita Mzee Robert aje apime yeye mwenyewe. Mzee alivaa miwani, akainama, akakaa na rula kwa muda mrefu.

"Tatu," akasema mwishowe. "Hata nywele haizidi."

Waliisogeza giaboksi mbele. Safari hii hakuna aliyeshika spana. Leticia aliisukuma kwa viganja viwili tu, na mdomo wa giaboksi ukakutana na injini kwa sauti ndogo ya chuma kukaa juu ya chuma, hakuna mwanya, hakuna mwanga. Akaingiza bisibisi chini akaisukuma konveta. Ikazunguka bure. Mzee Robert alimwomba bisibisi, naye akaizungusha, kisha akaizungusha tena, kama mtu asiyeamini kwamba kitu kigumu kimekuwa chepesi.

Abdulhakim alirudi na kanzu yake nyeupe akakuta wanamimina oili nyekundu ya giaboksi. Hakuthubutu kusogea. Leticia alikaa kwenye usukani, akageuza ufunguo. Stata ikalia, ikashika, na injini ikawaka kwa ngurumo moja nene iliyowatoa mafundi wa gereji jirani mlangoni mwao. Aliiacha ipate moto. Akakanyaga breki, akasogeza gia kwenda D, na akahisi ule msukumo mdogo mtamu, gari likiegemea mbele kama linalotaka kuondoka lenyewe. Akasikiliza. Hakuna mlio wa pampu, hakuna mkwaruzo. Akatoka, akamwonesha Abdulhakim kiti.

"Na kanzu hii?" Abdulhakim aliuliza.

"Na kanzu hiyohiyo."

Alilizungusha gari mtaa mzima wa Nguvumali, na aliporudi hakuzima.

"Kesho utakaa na mimi," akamwambia Leticia. "Msomaji wangu wa ramani amepata safari. Na hata asingepata. Wewe unalijua gari hili kuliko mimi."

Leticia alitaka kusema hajawahi kusoma ramani ya mbio. Alisema, "Saa ngapi?"

Magari yalikuwa kumi na moja, na njia ilikuwa kilomita arobaini na moja za udongo mwekundu kati ya mistari ya mkonge. Walipopanga foleni, kijana mmoja wa gari la mbele alichungulia dirishani, akaona mkono wa gia ya otomatiki, akamtazama Leticia, akauliza bibi harusi ni yupi. Abdulhakim alimwambia watamjulisha mwishoni.

Bendera ilipoanguka, Leticia alibanwa kwenye kiti kana kwamba mtu amemsukuma kifuani. Hakuwahi kulijua gari kwa namna ile. Siku zote yeye alikuwa chini yake, au mbele yake, na sasa alikuwa ndani ya nguvu yenyewe, ikitoka kwenye injini, ikipita katika ile sahani nyembamba, ikaingia kwenye oili, ikashuka mpaka kwenye magurudumu, na hapakuwa na mahali hata pamoja ilipojikwaa.

"Kulia, mita mia mbili, kali," alisoma kwa sauti ya juu. "Kisha daraja, jembamba."

"Nasikia."

"Kushoto, ndefu, fungua."

Abdulhakim alifungua. Kwenye kona, ambako wenzake walikuwa wakishughulika na klachi na gia, mikono yake miwili ilibaki kwenye usukani na mguu wake mmoja ukafanya yote, haraka na laini, breki, mafuta, breki, mafuta. Kilomita ya kumi na mbili walilipita gari la kwanza. Ya ishirini, wakayapita mawili yaliyokuwa yakigombania njia. Leticia alijisikia anacheka, huku meno yake yakiwa yamejaa vumbi, na hakukumbuka alianza saa ngapi. Karibu na kilima wafanyakazi wa shamba walikuwa wamesimama juu ya trela, wakipunga majani ya mkonge. Gari liliruka tuta, likatua, na yeye kwa mazoea akatega sikio asikie kama kuna kitu kimelia chini. Kulikuwa na injini tu, imara, ikiimba sauti yake nene.

Wakalipita la nne. Kijana wa dirishani alikuwa bado mbele, na vumbi lake liliwafunika kilomita tatu nzima. Abdulhakim alimsogelea kwenye kila kona, na kwenye kila mstari ulionyooka yule kijana akamkimbia kidogo.

"Kulia, kali sana," Leticia alisoma. "Baada yake imenyooka mpaka mwisho. Kaka, ni hapa au basi."

"Basi ni hapa."

Aliingia konani upande wa ndani, karibu kabisa na mkonge, hata miba ikakwaruza mlango wa upande wake kutoka mwanzo hadi mwisho, na wakatoka upande wa pili pua kwa pua. Abdulhakim alikanyaga mpaka chini. Giaboksi ikashuka gia yenyewe, ikavuta pumzi, ikarusha. Kwa muda Leticia aliliona gurudumu la mbele la yule kijana nje ya dirisha lake. Kisha akaona hewa tupu.

Walipita kwenye bendera wakiwa wa pili. Gari moja tu lilikuwa limewatangulia, nalo lilitoka Arusha na lilikuwa na mafundi wanne wenye sare.

Watu walikuwa wakikimbia kuelekea kwao, na mwamuzi alikuwa akipunga mikono kuonesha mahali pa kuegesha. Abdulhakim alimpita. Akawapita watu, akaipita hema, akashika barabara ya shamba inayokwenda kuungana na njia ya Horohoro, mwendo wa kawaida sasa, mkono mmoja dirishani, machozi na vumbi vikimfanyia matope mashavuni.

"Kaka Abdulhakim," Leticia alisema, "mbio zimekwisha. Muda wetu wameshauchukua."

"Najua. Tunakwenda tu," akasema, na akaongeza mafuta kidogo.